Simu Kutoka +250

Sehemu ya Saba

Msomaji, mkono wa Christa umekufa ganzi. Tangu toleo la wiki jana ameshika simu sikioni, na sisi ndio tuliomwacha hivyo, kwenye meza yake ya kuuzia unités, yaani salio la simu, pale Kimemi, Butembo, saa moja na nusu ya asubuhi. Mumewe, Phinées, yuko kizuizini Beni, na leo ni siku ya tano. Kosa lake ni simu yake: imekutwa na miito kumi na moja kwenda namba inayoanza na +250, kode ya Rwanda, na siku hizi za vita hilo linatosha kumwita mtu jasusi. Leo saa tisa alasiri atapandishwa ndege kwenda Kinshasa, na wanaopandishwa ndege hiyo hawarudi upesi.

Basi Christa ameipiga namba hiyo mwenyewe. Imelia mara moja, mara mbili. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke imemuuliza taratibu:

"Umefika salama?"

Damu ilimpanda Christa kichwani. Ilikuwa sauti ya mtu anayemngoja mtu.

"Uko nani?" Christa aliuliza.

Yule mwanamke akajibu kwa woga:

"Na wewe ni nani? Wangu hasemagi."

"Wako?" Neno hilo lilimchoma. "Wako nani?"

"Ule ananipigiaga mara moja, anakata. Siku ya pili na siku ya tano. Mimi namurudishia moja, nakata. Ni hivyo tu, mama. Usinitukane."

"Sikutukane. Jina yake ni nani?"

Tii, tii, tii. Unités zimekwisha. Muuza unités mwenyewe, meza imejaa, na anaishiwa katikati ya neno. Simu ya nchi ya nje haina huruma.

Kwenye meza ya pili, Bénite, muuza mikate ya kukaanga, aliacha mikate yake ikiungua kwenye mafuta.

"Ni muke?"

"Ni muke," alijibu Christa, ambaye majirani humwita Mama Shalom kwa jina la mtoto wake.

"Nilikuambiaka, Mama Shalom! Bwana anabeba maharagi mara mbili ku juma, anarudia anachekacheka. Maharagi haichekeshake mutu."

"Bénite, geuza mikate yako."

Lakini sumu ilikuwa imeshaingia. Christa alizungusha simu mezani. Siku ya pili na siku ya tano, yaani Jumanne na Ijumaa. Siku hizo alizijua vizuri kuliko siku yake ya kuzaliwa. Jumanne na Ijumaa ndizo siku Phinées anazotoka Musienene na magunia ya maharage na viazi na kuyafikisha Beni.

Anafika Beni, anampigia mwanamke. Mwanamke anajibu. Mara kumi na moja. Wangu hasemagi!

Mwanamke yeyote angeona giza. Christa naye aliliona. Kwa dakika nzima alimtakia Phinées ndege, na Kinshasa, na zaidi ya Kinshasa. Kisha kitu kikamgonga.

Mara moja, halafu kukata.

Wasomaji wa Butembo hapo mmeshaelewa, lakini gazeti hili linafika mbali, kwa hiyo nitaeleza upesi. Barabara ya Beni si barabara ya kulala usingizi. Mtu wako akiondoka asubuhi, moyo unabaki juu mpaka afike. Akifika hapigi simu ya maneno. Anafanya bip: mlio mmoja, anakata. Maana yake nimefika, niko mzima. Na wewe unamrudishia bip moja: nimepokea, Mungu asifiwe. Hakuna anayepokea simu hiyo, maana ukipokea umeharibu. Mume na mke wanafanya, mama na mwana wanafanya, hata wachungaji wanafanya.

Phinées hakuwa akimfanyia bip Christa peke yake. Alikuwa na mwingine wa kumpasha habari: mama yake mzazi, Mama Adèle, aliyekimbilia kwa dada yake Bwera, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, upande wa Uganda.

Christa aliivuta droo ya meza kwa nguvu hata kadi za SIM zikamwagika. Alitoa daftari lake la namba. Akakitoa na kile kipande cha karatasi alichopewa Beni na Inspekta Kitsa, anayemshikilia Phinées, chenye namba ya mashaka. Akaviweka sambamba, akaanza kusoma kwa kidole.

Kwenye daftari: Mama Adèle, Bwera, 0788, na mwisho arobaini na sita.

Kwenye karatasi ya Inspekta: +250 788, na mwisho arobaini na sita.

Zile za katikati? Alizisoma mara tatu. Zilikuwa zile zile, tarakimu kwa tarakimu.

Hapa lazima nikwambie Christa ni mtu wa namna gani, ili uone aibu aliyoipata. Kwa kazi yake anazijua nchi kwa kode zao. Mteja anaweka simu mezani, Christa anachungulia kioo tu. 971, huyo ndugu yuko Dubai anatafuta vipuri. 86, yuko China kwenye vitenge. 32, yuko Ubelgiji na harudi. Marekani na Kanada wanagawana tarakimu moja wote wawili, na jambo hilo linamkera: Kongo yote hii kubwa inabeba tatu, 243, na wale tajiri wanapita na moja. Akiona 256 hana neno, kila familia ya Butembo ina mtu Uganda. Lakini akiona 250, kwa hali ya siku hizi, nyusi zinapanda. Mteja anaona zimepanda, anaanza kujieleza bila kuulizwa. Na Christa huwa haamini nusu ya maelezo.

Ndiyo maana siku ile Beni, Inspekta alipomwonyesha ile namba, macho yake yaligota kwenye 250, hayakusoma mbele. Alisema mbele ya watu, tena kwa sauti: siijue. Na wakaandika.

Sasa, namba inayoanza na sifuri ni ya ndani ya nchi. Ukitaka kuipiga kutoka nje, unaondoa sifuri na kuweka kode ya nchi mahali pake. Uganda wana namba za 078. Rwanda nao wanazo za 078. Urefu mmoja, sura moja. Kinachowatenga ni 256 na 250 tu, ni kama kusema parsele namba kumi na mbili bila kutaja avenue, yaani mtaa. Unabisha hodi, anatoka mama mwingine kabisa.

Na nani aliyeiandika namba ya Mama Adèle kwenye simu mpya ya Phinées, wiki sita zilizopita, baada ya ile ya zamani kutumbukia chooni?

Christa alifumba macho. Aliikumbuka siku hiyo. Tangu asubuhi alikuwa na foleni ya watu waliokimbia vita kusini, kila mmoja anatafuta ndugu aliyevukia Rwanda. Kidole chake kiliandika 250, na 250, na 250 tena. Phinées akaja na simu yake mpya mkononi, ana haraka, gari linamngoja. "Mama Shalom, niwekee namba ya mama." Akaiweka bila kufikiri. Akaandika juu yake: Mama. Akamrudishia.

"Ni mimi," alisema. Bénite alimsikia, akageuka.

"Ni wewe nini?"

Christa alijipakia unités, akaipiga ile namba upya, safari hii na 256 mbele. Iliitikiwa upesi.

"Nani?"

"Wabukire, Mama," Christa alimsalimu kwa Kinande. "Ni mimi, Christa."

"Christa gani?"

Mama Adèle alimjua vizuri sana Christa gani.

"Christa wa Phinées, Mama."

"Ah. Ule mwenye alikataza mutoto wangu asinifanyie tena bip." Sauti ilikuwa kavu. "Juma sita! Mutoto anapita ku ile barabara na mimi sisikie ata moja. Nikasema, ile ni bibi yake. Nikanyamaza. Mimi sibembelezake mutu."

"Mama, alikuwa anafanya. Kila safari. Lakini zilikuwa zinaenda Rwanda."

"Rwanda kufanya nini?"

"Ni mimi nilikosea kode wakati nilikuwa naandika namba yako mu simu yake."

"Wewe mwenye unauzishaka ma simu?"

"Mimi, Mama."

Christa alingoja matusi, na angeyapokea yote. Lakini alikuwa hajasema lililo zito, akalisema kwa mkupuo: kizuizi cha barabarani, askari kuifungua simu, siku tano ndani, ndege ya saa tisa. Upande wa pili kulisikika kitu kama kiti kinavutwa. Mama Adèle alipoongea tena, ule ukavu wote ulikuwa umekwisha.

"Unisikie, mwanangu. Wende kule sasa hivi. Ukifika, unipatie huyo mukubwa wabo ku simu. Mimi nitashika simu mukononi, sitaiweka chini. Wende!"

Safari ya Beni sitakusimulia, barabara hiyo unaijua. Nitasema tu kwamba Christa alikaa mbele kwenye teksi, karatasi kaibana kwenye sidiria, na abiria aliyekuwa nyuma yake alipopokea simu na kusema "nakuja naye," Christa aligeuka na kumkodolea macho mpaka yule mtu akaeleza kwamba anamzungumzia mbuzi. Christa hakuamini mpaka alipomsikia mbuzi mwenyewe kwenye buti.

Saa tano na robo alikuwa mlangoni pa ile ofisi ya Beni ambayo sitaitaja. Askari wa mlangoni alimnyooshea mkono.

"Mama, zela, ngoja! Chef, mukubwa wetu, iko na kazi."

"Kazi yake ni mimi," Christa alisema, akapita chini ya mkono.

Inspekta Kitsa ni mzaliwa wa Lubero, mwembamba, mtu ambaye hata saa yake ya mkononi anaiangalia mara mbili kabla ya kuiamini. Alimtazama Christa juu ya miwani.

"Mama Shalom. Umeleta chakula?"

"Nimeleta kweli, chef."

"Kweli." Alilirudia neno hilo polepole. "Kaa."

Christa aliweka daftari na karatasi mezani, akaeleza. Alieleza sifuri, alieleza 256 na 250, alieleza foleni ya wale waliokimbia, alieleza bip. Hakujitetea popote. Inspekta alisikiliza bila kuandika, na kutoandika kwake kulimtia Christa hofu kuliko maswali.

"Siku ya kwanza ulisema hii namba hauijue," alisema mwishowe. "Iko kwa PV, karatasi ya mahojiano, na sinyatire yako, sahihi yako. Leo unasema uliiandika na mukono yako. Siku gani ulikuwa unasema kweli?"

"Siku zote mbili, chef. Siku ile niliona 250, nikaacha kusoma."

"Uliacha kusoma."

"Na nyinyi pia muliacha kusoma!" Lilimtoka kabla hajalishika. "Bwana yangu aliwaambia nini pale kwa barrière ya barabara?"

Inspekta akavua miwani. Kumbe swali lilimgusa.

"Basoda, ba askari wetu, balifungua simu. Balikuta miito, jina ni Mama. Bakamuuliza, mama yako iko wapi? Akasema, iko Uganda. Bakabofya lile jina: +250. Mutu anasema mama yake iko Uganda, na simu inasema iko Rwanda. Wewe ungefikiri nini, Mama Shalom? Wewe mwenyewe?"

Christa angefikiri lile lile, na nyusi zingepanda.

"Muite mama yake," alisema. "Sasa hivi. Anangojea."

Walitumia simu ya Christa, sauti imefunguliwa, iko katikati ya meza. Mama Adèle alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alimsalimu Inspekta kwa Kinande, akamuuliza ukoo wake, akamuuliza kijiji cha baba yake, na alipojibiwa akamwambia kwamba babu yake alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo asije akamwaibisha. Ndipo akasema kuhusu bip. Phinées alizifanya mwaka mzima, Jumanne na Ijumaa. Wiki sita hizi zikakatika ghafla.

"Na mbona haukumuuliza?"

"Nilikuwa nimekasirika. Nilifikiri ni bibi yake."

Inspekta alimtazama Christa, na kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ilicheza kidogo.

"Sasa ule mwingine," alisema. "Ule wa Rwanda. Hapana kumuambia kwamba niko hapa."

Christa aliishika simu. Kama yule mwanamke angesema neno moja la ovyo, basi. Alipiga. Ikaita mara nne.

"Mama, ni mimi wa asubuhi," Christa alisema. "Unités zilikwisha. Unisamehe. Nataka tu kujua wewe ni nani."

"Naitwa Vestine. Niko Rubavu." Alisita. "Na wewe? Unamujua huyu kijana?"

"Kijana gani?"

"Mwanangu. Alikuwa fundi wa nyumba, alivuka kuja kutafuta kazi huko kwenu kabla ya vita. Kutoka vita ianze, hakuna habari. Halafu, wiki sita sasa, namba ya 243 ikaanza kunipigia. Mulio mumoja, inakata. Nikasema ni yeye. Hana unités, ao anaogopa kusema. Nikawa namurudishia moja, ajue mama yake yuko muzima."

Yule askari wa mlangoni alikuwa amesogea.

"Sauti yake ulisha kuisikia?" Christa aliuliza. Swali hilo Inspekta alikuwa ameliandika kwenye karatasi na kumsukumia.

"Hapana. Hata siku moja. Ningeisikia ningelala."

"Ata mara moja, Mama Vestine?"

"Nakuapia. Mulio tu. Ni yeye, sivyo? Uko naye hapo?"

Kosa la kidole cha Christa lilikuwa limempa mama huyu mwana kwa wiki sita, na sasa ndiye wa kumnyang'anya. Aliona vibaya, aliona vibaya sana. Alisema tu, "Nitakuita tena, Mama," akakata, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Inspekta Kitsa alivaa miwani, akafungua droo, akatoa fomu iliyokwisha kupigwa chapa, akaijaza kwa kalamu yale aliyoyasikia.

"Hii ni acte d'engagement, karatasi ya ahadi," alisema. "Unasinya kwamba ile simu ya Rwanda ni makosa ya kode, na hamuna kitu ingine kati ya bwana yako na ule mutu. Ukisinya, ninamuachilia kabla ya ndege. Lakini usikie muzuri. Siku moja tukikuta ni bongo, ni uongo, siendi kutafuta Phinées. Ninakuja Kimemi, kwa meza yako. Wewe njo utaingia mu nafasi yake. Iko wazi?"

"Iko wazi."

"Una mutoto?"

"Mumoja. Shalom. Ana miaka sita."

"Basi soma mbele ya kusinya. Leo soma mpaka mwisho."

Akampa kalamu, kisha akamwambia askari amlete mfungwa. Ilikuwa saa saba kasoro dakika chache. Christa alisoma, kweli alisoma, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa ni ile kweli aliyokuja nayo kutoka Butembo. Moyo wake ulikuwa mwepesi sasa. Alikuwa ameshaanza kufikiria atapika nini jioni.

Askari alirudi. Hakuwa na Phinées. Alikuwa na bahasha.

"Chef, hii imetoka ku kampuni ya simu. Ile relevé, orodha ya miito, uliomba."

"Imechelewa," Inspekta alisema, lakini akaifungua. Nimekwambia ni mtu wa namna gani. Alisoma akishuka na kidole kama vile Christa alivyosoma daftari asubuhi. "Bip ya kwanza, segonde sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri." Alihesabu zote, kila ya kwenda pamoja na ya kurudi yake. "Kumi na moja. Zote sifuri. Vraiment, Mama Shalom, unasema kweli."

"Wasingya, chef," Christa alimshukuru.

Lakini kidole hakikusimama. Kilishuka mstari mmoja zaidi, kikabaki hapo.

"Mu simu yake tulikuta kumi na moja," Inspekta alisema polepole. "Hapa kuko kumi na mbili."

"Labda bip ingine."

"Hapana. Hii ya kumi na mbili, mu simu yake mutu aliifuta. Lakini kampuni haifutake." Aliigeuza karatasi, akaisogeza mpaka chini ya pua ya Christa. "Wewe unajua kusoma ma kode. Soma."

Christa alisoma. Ijumaa iliyopita, siku moja kabla ya Phinées kukamatwa. Saa moja na dakika kumi, jioni. Namba iliyopiga: ya Phinées. Namba iliyopigwa: +250 788, na mwisho arobaini na sita. Muda wa mazungumzo: dakika arobaini na moja.

Aliisoma tena. Haikubadilika.

Ijumaa hiyo jioni Phinées alikuwa amemwambia analala Beni kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Alimwambia simu itazimwa, kwa sababu mwalimu wa kwaya hataki simu.

"Makumi ine na moja," Inspekta alisema. "Na ule mama ameapa sasa hivi, hapa, juu ya meza yangu, kwamba hajasikia sauti yake ata siku moja."

Ile kweli yote ya Christa ilikuwa bado pale: kosa la kode, bip, Mama Adèle. Hakuna kilichovunjika. Ila kulikuwa na kitu kingine nyuma yake, na watu wawili walikuwa wamekificha, mmoja Rubavu na mmoja kitandani mwake. Mama anayelilia mwanawe angeweza kudanganya hivi? Na mume anayegundua kwamba kode imekosewa, mbona aliufuta mwito badala ya kumpigia mkewe wacheke pamoja?

Viatu vilisikika kwenye korido. Phinées aliingia, mikono nyuma, ndevu za siku tano, shati lile lile la Jumamosi. Alipomwona mkewe uso ulimfunguka kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli, Christa angeweza kuapa. Kisha macho yake yakashuka kwenye meza. Yakaiona karatasi ya engagement. Yakaiona relevé kando yake.

Furaha ikazimika.

"Unamupatia kiulizo moja," Inspekta alimwambia Christa. "Moja tu. Kisha unasinya ao hausinye. Gari ya kwenda uwanja wa ndege wa Mavivi iko inje."

Christa alisimama, kalamu mkononi. Hakumuuliza habari ya kwaya wala ya mwanamke.

"Baba Shalom," alisema. "Hii karatasi inasema hamuna kitu ingine. Nisinye?"

Phinées alimtazama Inspekta. Alimtazama askari wa mlangoni, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na askari akaangalia pembeni. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika tano. Neno moja tu, ndiyo, na angelala nyumbani kwake Kimemi leo.

"Mama Shalom," alisema. "Usisinye."

Itaendelea wiki ijayo.